Kiti cha Mbele

Krrk.

Giza lilikuwa bado limejaa chumbani, na Fundi aliisikia sauti hiyo ikitoka uani akiwa amelala ubavu, mkono wake mmoja umelaliwa na binti yake. Yaliyotangulia hayakumshtua. Kucha zilikuwa zimegonga nondo ya dirisha, ko-ko, kama kila alfajiri, naye akapapasa, akavaa subana yake, ile kofia ndogo ya chuma inayokinga kidole cha mshonaji na sindano, akajibu ko-ko. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao na itikio lake, bila kumwamsha mtoto wala kuwapa majirani cha kuzungumza. Baada ya hapo sikio lake liliujua wimbo wote uliobaki: mlango wa dereva, injini kukohoa, geti, kimya.

Lakini leo ulifunguliwa mlango wa upande wa pili. Kisha ndiyo ikaja hiyo krrk.

Reli ya kiti cha mbele ilikuwa na kutu. Kukisogeza kiti kile kulitaka mtu apige goti na kuvuta kwa ubishi, na kikikubali kusogea kililalamika vivyo hivyo. Na kwa nini mtu akisogeze? Kilikuwa kimewekwa kwa urefu wa miguu ya mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo alikuwa amelala hapa, subana kidoleni, macho kodo.

Anamsogezea nani?

Injini ikakohoa. Geti likafungwa. Usingizi wa Fundi nao ukaondoka na gari.

Walikuwa wamekutana kwa kosa, yeye na huyu mwenye kugonga dirisha. Fundi alikuwa na cherehani yake ghorofa ya chini ya jengo la maduka, kati ya msusi na muuza simu, mahali ambapo watu hupita wakisukumana tangu asubuhi hadi taa zizimwe. Mchana mmoja, kelele zimepanda, kijana mrefu mwenye fulana ya kijani iliyopauka mabegani akasimama mbele ya meza yake na boksi la keki mkononi, simu sikioni.

"Niko mlangoni," akaiambia simu.

"Mlangoni kwa nani?" Fundi akamuuliza, pini zimejaa mdomoni.

"Kwa mwenye keki."

"Mwenye keki ana raha zake. Hapa yuko mwenye njaa tu."

Kijana akacheka mpaka boksi likayumba. Keki ilikuwa ya watu wa ghorofa ya juu kabisa. Akaipeleka, kisha akarudi akihema, na kueleza kwamba ameteremka ngazi zote zile ili kujua kama mwenye njaa ameshakula. Tangu siku hiyo jengo zima likamwita Mlangoni, na msusi akaanza kuugua kikohozi kila kijana yule alipopita.

Wakati huo Mlangoni alikuwa akipeleka vyakula na vifurushi vya watu kwa baiskeli, mgongo umelowa jasho. Simu ikilia kuna oda, anachukua, anapeleka, inalia nyingine. Fundi naye alikuwa na gari lisilotembea. Kaka yake alipohamia mbali kikazi alimwachia, likaandikishwa kwa jina lake, likawa linalala uani kama mgeni asiyejua kuaga. Yeye mwenyewe hakujua kuendesha. Basi, baada ya miezi ya vicheko na simu za "umekula?", akamkabidhi ufunguo. Sharti lilikuwa gari lilale uani kwake, maana chumba alichopanga Mlangoni kilikuwa juu ya duka la matairi na hakikuwa na pa kuegesha hata toroli.

"Na likigongwa?" alimuuliza siku ile.

"Lina bima, fundi wangu. Bima kubwa. Kaka yako hakukuachia mchezo."

"Na wewe ukigongwa?"

"Mimi nina wewe."

Fundi alijifanya anatafuta mkasi ili asionekane uso. Wiki ileile akashona makava ya viti. Ya nyuma aliyashona kwa kitambaa kigumu cha kawaida, kwa kuwa huko angekaa binti yake na makombo yake. Binti huyo, ambaye kwa uso wake wa duara kila mtu alimwita Kifungo, hakuwahi kukalia kitu kikabaki safi. Lakini kiti cha mbele, kile cha abiria, alikishonea kitambaa cha zambarau chenye maua meupe alichokuwa amejinunulia ajishonee gauni. Kilichobaki kilitosha gauni kwa kubanabana.

Na Mlangoni alipomwuliza, siku moja wakiwa wote watatu kwenye foleni ya magari, kama angekubali waoane, Fundi alitazama mbele tu.

"Kuna gauni ninajishonea," akasema. "Siku ukiniona nimelivaa, usiulize tena. Ujue nimekubali."

Gauni lilikuwa limebaki pindo tu. Ndipo ikaja alfajiri ya krrk.

Jioni ile Mlangoni alirudisha gari kama kawaida. Akampa Kifungo biskuti, akamwambia Fundi amependeza, akaaga. Alipokwisha kuondoka, Fundi akatoka na tochi ya simu kama anayetafuta hereni, akafungua mlango, akaketi kwenye kiti chake. Kilikuwa kimerudishwa nyuma, ndiyo, lakini si mahali pake. Magoti yake yaligusa dashibodi. Kidogo tu, lakini yaligusa. Na humo ndani kulikuwa na manukato, yale ambayo ukiyanusa kwa jirani kwenye lifti unajikuta unaficha viatu vyako.

"Mfupi," akasema peke yake. "Na anajiweza."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Baba yake Kifungo alianza hivihivi, kwa kuchelewa kidogo na kunukia kidogo, mpaka siku moja akawa hayupo kabisa, na mtoto akabaki na viatu vya baba vya kuchezea.

Kesho yake mchana Fundi akapiga simu. Alikuwa amepanga kuwa mpole.

"Uko wapi, mume mtarajiwa?"

"Barabarani, fundi wangu. Kazi imebana."

Na nyuma ya sauti hiyo, karibu mno, sauti laini ya kike ikasema, "Kata kulia hapo, mpenzi."

Fundi akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Nani huyo?"

"Nani? Aa. Mteja."

"Siku hizi wateja unawapeleka wao pamoja na chakula chao?"

"Nitakupigia. Kuna askari mbele."

Simu ikakatika. Pale jirani, msusi alikuwa na kichwa cha mtu mikononi lakini masikio yalikuwa huku.

"Shoga, mimi sitaki kusema," akasema.

"Basi usiseme."

"Haya." Akasuka mistari kadhaa kimya, kazi iliyomshinda. "Ila juzi niliagiza chakula makusudi, nikamtaka yeye. Wenzake wakaniambia Mlangoni siku hizi hachukui oda. Hata ya maji. Gari linatoka, kazi hafanyi."

Fundi alikanyaga cherehani bila kutazama, sindano ikavunjika katikati ya sare ya shule ya mtoto wa watu.

"Hafanyi kazi, anafanya nini?"

"Hilo sasa mimi sijui. Mimi ni msusi." Akavuta nywele mpaka mwenye kichwa akaguna. "Lakini lisemwalo lipo."

Wivu ukishaingia hauhitaji kukaribishwa kiti. Fundi alipika nao, akafua nao, akamsimulia Kifungo hadithi ya kulala huku nusu ya akili yake imekaa kwenye gari, kiti cha nyuma, inawasikiliza wawili wa mbele. Alijua mambo mengi ya mwanamke yule asiyemjua. Alijua anacheka vipi. Alijua ana kucha ndefu. Usiku aliota amemshonea nguo, ikamkaa vizuri, akaamka na hasira.

Akamwona mchana kweupe. Alikuwa amekwenda na Kifungo kununua uzi, wamesimama kwenye taa wakisubiri kuvuka, magari yakafunga breki mbele yao, na moja lilikuwa lake. Kwenye kiti cha mbele alikaa mwanamke mdogo wa umbo, koti jeupe la kiofisi, nywele fupi zilizokatwa na mtu anayejua, hereni zinameta. Alikaa wima kama mtoto aliyeonywa. Chini yake zambarau haikuonekana. Kitu cheupe kilikuwa kimetandikwa juu ya maua. Wameyafunika, Fundi akawaza, kama watu wanaogeuza picha ukutani kabla ya kufanya dhambi.

Mkanda wa kiti kile ulikuwa na ukorofi wake. Ulikwama. Ilibidi uuvute taratibu, uuachie, uuvute tena kwa upande, na ujanja huo Mlangoni alikuwa akimfanyia yeye kila walipotoka, huku akimnong'oneza upuuzi sikioni. Sasa aliuona mkono uleule ukivuka, ukavuta taratibu, ukaachia, ukavuta kwa upande. Mwanamke akasema jambo, Mlangoni akacheka. Taa zikabadilika.

Kifungo alikuwa ameunyoosha mkono kulionyesha gari lao. Mama yake akaushusha ule mkono polepole, akaushika mpaka nyumbani.

Jioni Mlangoni alipoingiza gari uani alimkuta amesimama katikati, kiganja kimefunguliwa.

"Ufunguo."

"Fundi wangu, kuna nini?"

"Ufunguo kwanza. Maneno hayaozi."

Akauweka kiganjani. Ulikuwa bado na joto la mkono wake.

"Yule mwanamke ni nani?"

Mlangoni akakuna sikio, akatazama gari badala ya kumtazama yeye. "Ni mambo ya gari."

"Gari halina hereni. Gari halimwiti mtu mpenzi."

"Yule anamwita kila mtu mpenzi."

"Na kila mtu anafungiwa mkanda?"

Mlangoni akaomba siku chache, akasema akimaliza atamweleza yote, mwanzo hadi mwisho. Fundi akauliza akimaliza nini. Hakujibu. Mwanamume asiyejibu, mwenye wivu humjibia, na majibu aliyokuwa nayo Fundi kichwani yalikuwa yamevaa koti jeupe.

"Nilikuwa nimebakiza pindo," akamwambia.

Akamwona alivyoelewa. Mabega yale marefu yalishuka kama nguo iliyoanuliwa kwenye kamba. Akatoka kwa miguu, na geti akalifunga taratibu. Afadhali angelibamiza.

Alfajiri zikaanza kuja bila ko-ko. Fundi aliamka saa ileile, mwili hauna habari za ugomvi, akajikuta amevaa subana gizani akisubiri. Kifungo alimwuliza Mlangoni yuko wapi, akaambiwa yuko kazini. Akauliza mbona kazi yake imelala uani, akaambiwa ale uji. Simu iliita na kuita. Msusi alimshauri aipokee ili amtukane vizuri, maana tusi la kimya halina faida. Fundi hakupokea. Jioni moja alilitoa gauni, akachukua mkasi, akakaa navyo mapajani mpaka chakula kikaungua. Hakulikata, wala hakulimaliza.

Halafu siku moja, ameinama kwenye kazi yake, pua ikatambua kabla ya macho. Manukato yale.

"Fundi, mpenzi, unaweza kunipunguzia sketi?" sauti laini ikasema. "Sisi wafupi tunanunua kitambaa tusichokivaa."

Alikuwa yeye. Koti leo la bluu, hereni zilezile. Msusi aliacha kusuka. Fundi angeweza kusema hana nafasi, lakini wivu una udadisi kuliko kiburi. Akamsimamisha juu ya kigoda, akapiga magoti na pini, akaanza kumtazama adui kuanzia chini. Vifundo vya miguu vizuri. Visigino vimechakaa upande mmoja, mtu anayetembea sana. Pini ikateleza ikamchoma.

"Samahani," akasema, kwa sauti isiyojutia chochote.

"Usijali, mpenzi." Simu yake ikaita. "Ndiyo, meneja mpenzi, nipo kwake sasa." Mlinzi wa jengo akapita akisukuma watu, akaambiwa, "Pole na kazi, mpenzi." Msusi aliyekuwa amekaza macho akapewa "Mambo, mpenzi," akaitikia bila kutaka.

Fundi akakaa juu ya visigino vyake, pini bado mdomoni. Kitu fulani kifuani kilianza kulegea, akakikaza tena.

"Sikuja kwa ajili ya sketi tu," mgeni akasema. "Wewe ndiye mwenye lile gari."

"Na wewe ndiye mwenye kile kiti."

Mwanamke akamtazama kutoka juu ya kigoda. Akaanza kucheka, akaona uso wa Fundi, akaacha.

"Hajakwambia."

"Hajaniambia nini?"

"Maskini. Basi ndiyo maana alikuja na baiskeli na macho mekundu."

Akashuka kwenye kigoda, sketi imejaa pini, akaketi kwenye benchi la wateja na kueleza. Yeye ni wakala wa bima. Mmoja wa wapeleka-mizigo wenzake Mlangoni, yule wanayemwita Breki kwa kuwa hana, aligonga ukuta wa watu akiwa na chakula cha mteja garini. Gari lake lilikuwa na bima kubwa, na alikwenda kudai bila wasiwasi. Wakamwuliza alikuwa anakwenda wapi. Naye, kwa ukweli wake wote, akasema anapeleka oda.

"Kwisha habari yake," wakala akasema. "Bima aliyokuwa nayo ni ya gari la nyumbani. Uende sokoni, upeleke mtoto shule, iko macho. Ukiweka tu oda ya mtu garini ukalipwa kwa safari, inalala. Unaendesha peke yako na hujui. Na vijana wote wale wako hivyo, mpenzi. Na lako vilevile."

Fundi akazitoa pini mdomoni, moja moja.

Wakala akaendelea. Siku ileile aliyosikia ya Breki, Mlangoni alizima simu ya oda, akaapa hatabeba hata mfuko mmoja kwa gari la Fundi mpaka jambo lile litengenezwe. Jioni akawa anaazima baiskeli apate cha kula. Akawakusanya wenzake, akamtafuta wakala, wakakubaliana kuomba bima ya kundi, iliyoandikwa kwa ajili ya kazi yao hasa. Lakini kampuni ilitaka ijue inakinga nini, kwa hiyo wakala alitakiwa azungushwe: aone wanaposubiri, wanapogeuzia, njia za nyuma ya mahoteli, makutano yanayowala. Magari yote ya vijana yalikuwa na mifuko kwenye kiti cha mbele na mikanda iliyokufa. Mkanda uliokuwa na uhai, ingawa mkorofi, ulikuwa mmoja tu.

"Kazi yangu ni bima, siwezi kupanda gari bila mkanda. Ningejichekesha." Akatabasamu, kisha akainamisha kichwa. "Ila nikuambie, sijawahi kuteseka hivyo kwenye kiti. Kila asubuhi anatandika taulo kabla sijakaa. Nikiegemea ananikohoa. Nimekaa wiki nzima mgongo wima kama niko kwenye mtihani, kisa maua yako. Anasema kiti ni chako, mimi nimepanga tu."

Msusi akasema "Mh," taratibu, kwa heshima.

"Sasa gari ni la jina lako," wakala akamalizia. "Bila wewe haliingii kwenye kundi. Nilimwambia akuambie mwenyewe. Kila siku kesho, kesho. Nikaona nije."

"Kwa nini asiniambie?"

"Hilo, mpenzi, bima yangu haifiki huko."

Fundi aliishona ile sketi vizuri kuliko ilivyostahili. Na jioni, Kifungo akichezea mabaki ya zambarau sakafuni, akalitoa gauni, akawasha taa ya cherehani, akapiga pindo.

Asubuhi hakufungua kazi. Alimvalisha mtoto, akajivalia mwenyewe, akachukua ufunguo wa gari asiloweza kuliendesha, wakaenda kwa miguu hadi duka la matairi. Gauni lilimkaa kiunoni kama limemsubiri, na chini likamcheza magotini kila alipopiga hatua. Wavulana wa matairi waliacha kusukuma wakampisha bila utani. Akasimama chini ya ngazi, akapiga simu.

"Haloo?" Sauti ilikuwa ya mtu asiyeamini simu yake.

"Niko mlangoni."

"Mlangoni kwa nani?"

"Kwa mwenye njaa."

Miguu ikasikika ikiteremka ngazi ovyo. Akatokea na singlendi, povu la kunyolea shavu moja, shavu la pili limeshanyolewa. Akaona gauni. Mdomo ukafunguka.

"Usiulize," Fundi akasema. "Tulikubaliana ukiliona usiulize. Leo ninayeuliza ni mimi. Wakala wako amekuja kwangu, yote nimeyasikia. Kwa nini hukuniambia?"

Mlangoni akaketi juu ya rundo la matairi. Kifungo akaenda kusimama kati ya magoti yake na kuanza kulifuta lile povu kwa kidole, akalionja, akakunja uso.

"Nilikwambia gari lina bima," akasema hatimaye. "Siku ya kwanza kabisa. Kumbe nilikudanganya na mimi mwenyewe sijui. Nikajua ukisikia utalichukua."

"Ningelichukua kweli."

"Unaona. Na gari likiondoka, mimi nakuja uani kwako alfajiri kufanya nini? Nagonga dirisha la watu kwa sababu gani? Mtu hagongi dirisha kwa ajili ya baiskeli." Akatazama mikono yake. "Nilitaka nilitengeneze kwanza, ndipo nikuambie. Sikutaka zile asubuhi ziishe."

Tairi lilibingirika nyuma yao likagonga ukuta. Fundi alikuwa amejiandaa kwa maneno makali, alikuwa ameyapanga njia nzima, sasa yakawa yamemtawanyika kama vifungo vilivyomwagika.

"Nimekuwa na wivu mpaka nimevunja sindano," akasema. "Nimemchukia mtu kwa ufupi wake. Gari kukosa bima ningevumilia. Kukaa gizani nasikiliza kiti changu kinasogezwa, hilo siwezi tena. Siku nyingine ukiogopa, njoo uogope mbele yangu."

"Nitakuja."

"Na dirisha langu usiligonge tena."

Shavu lililonyolewa na lisilonyolewa yote yalianguka.

"Mtu wa ndani hagongi dirisha," Fundi akamwambia. "Anamwamsha mwenzake kwa mkono."

Ilimchukua muda. Kisha alisimama na mtoto begani, akageuka kuwatazama wavulana wa matairi kama anayetaka mashahidi, nao wakajifanya wana kazi nyingi. Fundi akamwambia akamalize kunyoa, kuna mtu wa bima anawasubiri na mwenye gari hapendi kuchelewa.

Uani, Mlangoni alifungua mlango wa mbele, akaondoa taulo, akalikunja, akalitupa nyuma. Akapiga goti, akavuta kwa ubishi. Krrk. Akavuta tena, krrk, mpaka palepale. Fundi akaketi. Miguu yake ikanyooka. Zambarau ya gauni ikakaa juu ya zambarau ya kiti, na maua hayakujulikana yapi yanaanzia wapi.

"Manukato yake bado yamo," akasema.

"Nitafungua madirisha."

"Yote. Na ya nyuma."

Akayafungua yote, na ya nyuma. Akazunguka, akaingia, akawasha injini, ikakohoa. Fundi akauliza kama leo njiani bima iko macho au imelala, naye akamjibu kwamba leo hawabebi chakula cha mtu, leo ni gari la nyumbani, limejaa watu wa nyumbani, iko macho kabisa. Akalisema hilo taratibu, akimtazama, na yeye akimtazama, mkono wake umeshavuka kuutafuta mkanda ule mkorofi na umesahau ulichofuata, umebaki begani mwa gauni, na geti liko wazi, na injini inasubiri, na hakuna aliyekuwa na haraka.

Kutoka kiti cha nyuma, akiwa ameshajifunga wa kwake zamani, Kifungo akasema:

"Mama, funga mkanda."